Mlishapanda Kilimanjaro, lakini Colca huanza kwa kushuka

Msomaji wa Moshi anauliza: "Mimi na rafiki yangu tunakwenda Peru mwezi Agosti kwa siku 14, mabegi mgongoni. Tumepanga kutua Lima asubuhi na siku hiyohiyo kupanda ndege hadi Cusco, tukae siku nne, halafu basi hadi Arequipa na ziara ya siku mbili ya korongo la Colca. Mwinuko hatuuogopi, mwaka juzi tulifika Gilman's, ukingoni mwa kreta ya Kibo, kwa njia ya Marangu. Swali letu: huko korongoni tuchukue mwongozaji au tutembee wenyewe? Na begi liwe na kilo ngapi?"

Dada yangu, swali lenyewe lina jibu fupi. Njia kuu za Colca watu wawili mnaweza kuzitembea wenyewe, na begi lisizidi kilo saba. Ila ungeniletea ratiba hiyo siku zile nikiwa bado naongoza wageni mlimani, ningeikunja nikurudishie. Kosa halipo korongoni, lipo siku ya kwanza.

Cusco ipo mita 3,399 juu ya usawa wa bahari, na Lima ipo pwani kabisa. Wewe njia ya Marangu unaijua: unaanza getini karibu mita 1,900, usiku wa kwanza unalala Mandara mita 2,720, na Horombo mita 3,720 unaiona jioni ya siku ya pili, tena baada ya mtu kukuimbia "pole pole" njia nzima. Sasa chukua mtu aliyekuwa ufukweni Tanga, mpandishe ndege, na baada ya saa moja na nusu mshushe chini kidogo ya Horombo. Mwambie abebe begi lake mwenyewe, apande ngazi za mtaa wa San Blas kutafuta hosteli. Ndivyo ulivyopanga.

Na hiyo ya mwaka juzi haikusaidii. Mwili ukikaa juu hubadili namna ya kupumua na huongeza chembe nyekundu za damu, lakini ukishuka unayaacha hayo yote ndani ya wiki chache. Kuna wagumu wa Kilimanjaro, yaani wapagazi, waliopanda mara mia ambao wakikaa chini msimu mzima hurudi juu na kichwa kinagonga kama cha mgeni. Kilichobaki kwako ni ujuzi: unajua dalili za ugonjwa wa mwinuko, unajua kunywa maji hata kiu isipokuwepo, na unajua kwamba aliyeanza kuyumba kama mlevi au kukohoa povu anashushwa usiku huohuo, hasubiri kukuche. Ujuzi huo ni mali. Ila damu yako ni ya Moshi mjini.

Kwa hiyo igeuze safari. Tueni Lima, mlale usiku mmoja, kisha mwende Arequipa, mita 2,335 tu, mkae siku tatu. Halafu Colca siku tano. Cusco iwe mwisho, mkiwa mmeshazoea. Ni nchi ileile na nauli zilezile, kilichobadilika ni mpangilio tu, na mpangilio huo utakuokolea siku mbili za kulala na ndoo kando ya kitanda.

Isitoshe, Arequipa si mji wa kupita. Watu wengi huutumia kama stendi ya kwenda Colca, na mimi mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, hadi leo najilaumu. Wahispania waliuanzisha tarehe 15 Agosti 1540, chini ya volkano tatu: Misti yenye mita 5,822 ambayo umbo lake litakukumbusha picha za Kibo za kwenye kalenda, Chachani inayopita mita 6,000, na Pichu Pichu. Mji umejengwa kwa jiwe la volkano hizo, jeupe, jepesi, lenye vitundu, waliitalo sillar. Mtu aliyezoea mawe ya matumbawe ya Unguja au Lamu atalielewa mara moja: ni jiwe linalokatika kirahisi na kukubali nakshi. Tofauti ni kwamba Arequipa hutikisika. Tetemeko la mwaka 1868 liliharibu sehemu kubwa ya mji, na lile la Juni 2001 liliangusha mnara mmoja wa kanisa kuu. Ndiyo maana kuta za zamani ni nene kiasi kwamba dirisha huwa kama pango, na dari zake ni za kuba.

Kwenye kona ya uwanja mkuu kuna kanisa la Wajesuiti, La Compañía. Simameni mbele yake asubuhi, jua likilipiga kwa ubavu. Uso wake ulikamilika mwaka 1698, na waliouchonga walikuwa mafundi wa hapohapo. Mpango ni wa Ulaya, lakini ukisogea karibu unaona majani, matunda na nyuso za watu ambazo Mhispania asingezichora. Mimi napenda kuona pale mkono wa fundi ambaye hakuulizwa maoni, akayatoa hivyohivyo.

Kisha monasteri ya masista ya Santa Catalina, ambayo mtaipa nusu siku. Ilianzishwa mwaka 1579 na ina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 20,000. Ni mtaa kamili ndani ya mji, wenye vichochoro vilivyopewa majina ya miji ya Hispania, kuta zimepakwa wekundu wa udongo na buluu ya nili. Kwa karibu miaka 400 aliyeingia hakutoka, na mlango ulifunguliwa kwa wageni mwaka 1970 tu. Waliokuwa wakiingia humo wengi ni mabinti wa matajiri, kila mmoja na mahari yake ya kulipa monasteri, vyombo vyake, na watumishi na watumwa wake, hadi Papa Pius IX alipomtuma sista mkali mwaka 1871 akavunja utaratibu ule. Pitieni mahali pa kufulia: mabeseni yake ni mitungi mikubwa ya udongo iliyopasuliwa katikati, imepangwa kando ya mfereji. Waliofua pale hawakuwa wale mabinti.

Mwaka huohuo wa 1579, kule Lima, alizaliwa Martin de Porres, mtoto wa Mhispania na mama mweusi aliyekuwa ametoka utumwani. Ndiye yule Mtakatifu Martin mwenye ufagio ambaye parokia nyingi za kwetu zinamjua. Namtaja kwa sababu jina lake litawasaidia: mtakuwa wanawake wawili weusi milimani, ambako Wanaperu weusi ni wachache, kwa kuwa wengi wao wako pwani. Mtatazamwa. Mtaitwa "morena" sokoni, na mara nyingi si kwa ubaya. Bibi mmoja muuza jibini aliwahi kuniuliza kama natoka kwa San Martín. Nikasema natoka mbali zaidi. Akaniongezea kipande.

Mkifika katikati ya Agosti mjue mmeangukia sikukuu ya mji. Tarehe 15 ni maandamano ya ngoma barabarani kutwa nzima, na hosteli hujaa. Wekeni nafasi mapema, ama mwende kabla. Na mle kwenye picanteria, mikahawa ya mchana ya akina mama inayopika kwa kuni na vyungu. Ombeni rocoto relleno, ambayo ni pilipili kubwa yenye mbegu nyeusi iliyojazwa nyama na jibini, lakini msiidharau kwa sababu inafanana na hoho. Jumapili asubuhi watu hula adobo, nyama ya nguruwe iliyolala kwenye chicha, pombe ya mahindi, kwa mkate. Asiyekula nguruwe achukue chupe de camarones, supu nzito ya kamba wa mtoni.

Kabla ya kuondoka mjini, mwende makumbusho ya Santuarios Andinos mkaone walichokiteremsha Johan Reinhard na Miguel Zárate kutoka mlima Ampato mwaka 1995: msichana wa enzi za Inka, watawala wa milima ya Andes kabla ya Wahispania, aliyetolewa kafara kileleni na kuhifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 500. Wanamwita Juanita. Nawaambia wageni wangu wamwone kabla ya Colca, kwa sababu Ampato mtaiona njiani, na haitakuwa tena mlima wa kupigia picha tu.

Sasa Colca. Msichukue ile ziara ya siku moja, wala ya mbili mnayoifikiria. Nilishaipanda ya siku moja na kampuni ya pale mjini: tulichukuliwa hosteli saa tisa usiku, tukapitishwa Patapampa gizani, dada mmoja wa Ulaya akatapika kwenye mfuko wa mkate, tukashushwa Msalaba wa Kondori, mahali pa kutazamia kondori, ndege wakubwa wa Andes, dakika arobaini, tukapakiwa tena. Vijiji nilivipita nikiwa nimesinzia. Niliporudi Arequipa jioni nilikuwa nimeliona shimo, Colca sijaiona.

Hiyo Patapampa iwekeni akilini. Ni sehemu ya juu ya barabara kati ya Arequipa na bonde la Colca, karibu mita 4,900, yaani zaidi ya mita 300 juu ya kilele cha Meru. Basi hupita tu na hamtalala pale, kwa hiyo kichwa kikiuma kidogo kitaacha mkishuka Chivay, mita 3,635. Lakini lipo jambo ambalo vipeperushi havisemi: mtu akiugua vibaya Chivay, njia ya kumrudisha Arequipa inapanda kwanza hadi Patapampa. Kilimanjaro ukiugua unashushwa. Chivay ukiugua unapandishwa ili ushushwe. Hii ndiyo sababu kubwa ya kukaa Arequipa siku tatu kamili kabla, na mkiamka siku ya safari mmoja wenu hajisikii vizuri, ahirisheni basi. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ongeeni na daktari wenu Moshi kabla ya kuondoka, hasa kama kuna mwenye mzio wa dawa za salfa.

Barabara yenyewe ni nzuri kuitazama mchana. Inakatiza hifadhi ya Salinas y Aguada Blanca, nyanda za majani makavu ambako vikunya hukimbia kwa makundi. Hawa ni jamaa wa ngamia wasiofugwa, wembamba kama swala pala, na manyoya yao ni kati ya yale ya bei kubwa kuliko yote duniani. Huko mbali mtaona Sabancaya ikitoa moshi, volkano iliyoamka upya Novemba 2016.

Usiku wa kwanza msilale Chivay penye kelele za mabasi. Shukeni, mpande gari dogo la abiria hadi Yanque, nusu saa haifiki. Hapo ndipo pa kuelewa vijiji hivi vilitoka wapi, kwa sababu sura yake si ya bahati: uwanja wa mraba, kanisa kubwa jeupe upande mmoja, mitaa imenyooka kama daftari la hesabu. Coporaque ni hivyohivyo, Lari na Maca pia. Miaka ya 1570 mwakilishi wa mfalme, Francisco de Toledo, aliamuru Waandes waliokuwa wakiishi wametawanyika kwenye mashamba yao wakusanywe kwenye vijiji vilivyopimwa, ili wahesabike, watozwe kodi na wabatizwe. Msomaji wa Kitanzania mwenye umri wa kutosha atakuwa ameshakumbuka Operesheni Vijiji, miaka 400 kamili baadaye. Nia zilikuwa mbali na mbali, lakini swali la mkulima ni lilelile: shamba langu liko kule, mmenijengea nyumba huku, asubuhi nitatembea saa ngapi?

Jibu mnaweza kulitembea kwa miguu. Ng'ambo ya mto kutoka Yanque kuna magofu ya Uyo Uyo, kijiji ambacho watu waliondolewa wakaletwa bondeni. Nyumba za mawe bado zimesimama bila paa, na matuta yake yanashuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni. Matuta hayo ni ya kabla ya Wahispania, mengine kabla ya Inka, na mengi yanalimwa hadi leo: mahindi, shayiri, maharage mapana, viazi. Anzieni Coporaque, mpitie Uyo Uyo, mmalizie Yanque. Ni matembezi ya asubuhi moja, nayo yatawapa mapafu mazoezi bila kuwachosha. Mkikuta nyumba zilizopasuka msishangae, tetemeko la Agosti 2016 liliangusha nyingi Yanque na Ichupampa.

Mfalme aliyemtuma Toledo, kwa taarifa yako, alikuwa Philip wa Pili wa Hispania. Mwaka 1580 akachukua na kiti cha Ureno, na ni katika utawala wake Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, mwaka 1593. Mtu mmoja aliyekaa karibu na Madrid, hakuwahi kuiona Yanque wala Mombasa.

Angalieni pia kofia za akina mama. Upande wa juu wa bonde, Chivay na Yanque, ni Wacollagua, na kofia yao ni nyeupe ya ukindu yenye utepe. Mkishuka kuelekea Cabanaconde mnaingia kwa Wacabana, nao kofia zao ni za kitambaa kilichotariziwa rangi zote. Zamani tofauti hiyo ilibebwa na kichwa chenyewe: Wacollagua waliwafunga watoto wachanga vichwa ili virefuke kama volkano waliyoamini wametokea, Wacabana wakavifanya bapa na vipana. Wahispania wakapiga marufuku. Inasemwa kwamba kofia zilichukua kazi ile, na mimi naiamini hadithi hiyo kwa sababu kila mara nimeona mama wa Cabanaconde akimtambua mgeni wa Chivay kwa kofia hata kabla ya salamu.

Na salamu ni lazima. Hapa mtafurahi, kwa kuwa Waswahili tumelelewa hivyo. Usiingie dukani Colca ukaanza na bei. Anza na "buenos días", subiri ujibiwe, ndipo useme. Kihispania chenu kibovu kitasikika vizuri kuliko cha Mwingereza aliyekisoma miaka miwili, kwa sababu irabu zao tano ni zilezile zetu tano. Wazee huzungumza Kikechua. Ukiwaambia "allillanchu" kwa habari na "yusulpayki" kwa ahsante, watacheka, kisha watakusogezea kiti.

Kutoka Yanque mtapanda basi la kwenda Cabanaconde, na njiani ni Msalaba wa Kondori. Wengi hufika mapema mno na kutetemeka kwa baridi. Kondori ana uzito unaofikia kilo 15 na mabawa ya zaidi ya mita tatu toka ncha hadi ncha. Ndege mzito hivyo hapigi mabawa ovyo, husubiri jua lipashe ukuta wa korongo ili hewa ya joto imwinue. Kwa hiyo ni saa mbili hadi saa nne asubuhi. Ana kichwa kitupu kama tumbusi wa kwetu na kazi yao ni moja, ila akipita chini ya miguu yako, ukauona mgongo wake badala ya tumbo, utanyamaza. Hapo mtatakiwa kuonyesha tiketi ya kuingilia Colca, ambayo kwa mgeni ilikuwa soli 70, fedha ya Peru, nilipopita mara ya mwisho. Itunzeni, huulizwa njiani zaidi ya mara moja.

Sasa kutembea kwenyewe. Mtasoma kwamba Colca lina kina cha zaidi ya mita 3,000, maradufu ya lile korongo kubwa la Arizona, na kwamba ndilo la kina kuliko yote. Jirani yake Cotahuasi, ndani ya mkoa huohuo wa Arequipa, hupewa mita 3,535, kwa hiyo ubingwa wenyewe una mgogoro wa kifamilia. Hesabu hizo hupimwa kutoka milima ya kando hadi mtoni. Mtakachotembea ninyi ni kutoka Cabanaconde, mita 3,287, hadi bonde la Sangalle, karibu mita 2,180. Mita 1,100 kushuka, na mita 1,100 hizohizo kupanda. Mkiisikia namba hiyo mtaiona ndogo, mmefanya Kibo hadi Gilman's.

Hapa ndipo wapandaji wa Kilimanjaro hunitia wasiwasi. Mlima humchuja mtu mapema: ukichoka Mandara unarudi, na kurudi ni kushuka. Korongo ni mlima uliogeuzwa. Huanza na raha, kila hatua ya kushuka inaongeza joto na oksijeni, hadi mnakuta mitende na mabwawa ya kuogelea chini kule mkajiona mashujaa. Bili inakuja kesho yake, magoti yakiwa yameshalegea, na hakuna namna ya kurudi nyumbani isipokuwa juu. Halafu kuna jambo lingine, usinikasirikie: Kilimanjaro begi lako lilibebwa na mgumu. Wewe ulibeba maji, koti na kamera. Colca hakuna mgumu.

Ndiyo maana nasema kilo saba pamoja na maji. Acheni mabegi makubwa hosteli ya Cabanaconde, hilo ni jambo la kawaida na watawatunzia. Shukeni na shanta ndogo: nguo za kubadili mara moja, sweta na koti la upepo, kofia pana, tochi ya kichwani, dawa ya kutibu maji, karanga, na fimbo mbili za kutembelea kwa ajili ya kushuka. Mafuta ya jua na ya midomo hata kama ngozi yako haijawahi kuyahitaji, kwa sababu midomo itapasuka. Mifuko ya kulalia iacheni Moshi, vijijini kuna vitanda na blanketi nzito za alpaka.

Njia ninayoipenda: kutoka Cabanaconde tembeeni hadi kituo cha San Miguel, mshuke hadi San Juan de Chuccho. Ni kama saa tatu za vumbi na kona, na mwisho mnavuka mto Colca kwa daraja. Laleni hapo. Wengi hukimbilia Sangalle siku hiyohiyo na kukosa kijiji chenye bustani za miparachichi, chenye familia inayokupikia ilichonacho. Siku ya pili pandeni taratibu hadi Cosñirhua na Malata. Mtapita mipungate iliyofunikwa unga mweupe. Mkulima akiwaona mnashangaa atakamua mdudu mmoja kwenye kiganja, na rangi nyekundu itakayotoka ni ileile inayotiwa kwenye vipodozi na vyakula viwandani. Kisha mnateremka Sangalle mchana, mnaogelea, mnalala mapema.

Mapema kweli, kwa sababu siku ya tatu mnaanza kupanda saa kumi na nusu alfajiri na tochi. Jua likishaupata ukuta ule, njia inakuwa kama kikaango. Hesabuni saa tatu hadi nne. Goti likiuma, jioni ileile mwambieni mwenye nyumba awatafutie baghala, yaani nyumbu wa mizigo, si wa Serengeti. Asubuhi watakuwa wameshakodiwa. Hakuna aibu kupanda baghala, mimi nilishampanda na nikamshukuru.

Mwongozaji: kwa mzunguko huo mnaweza wenyewe, njia inaonekana na ina watu. Masharti mawili. Msifuate njia za mkato zinazoonekana pembeni, nyingi ni za mbuzi na zinaishia kwenye genge. Na mvua ikiwa imenyesha au ardhi ikiwa imetikisika usiku, ulizeni wenyeji kabla ya kuondoka, kwa sababu mawe huporomoka. Agosti mvua ni nadra, msimu wake ni Desemba hadi Machi. Mkitaka kwenda mbali zaidi, hadi Llahuar kwenye chemchemi za maji moto au Tapay na Fure juu zaidi, hapo chukueni mtu. Mchukueni Cabanaconde mkifika, kuliko kulipia ofisini Arequipa, fedha ibaki bondeni. Mkitaka kujua ninavyopendelea, ningemchukua mwongozaji hata kwa ile njia rahisi, kwa ajili ya majina. Bila mtu wa kuwaambia kila tuta linaitwaje na nani alilikimbia, mtakuwa mmepanda na kushuka tu.

Usiku wa tano laleni Cabanaconde, rudini Arequipa mchana, na jioni mpande basi la usiku kwenda Cusco, safari ya kama saa kumi. Mtafika wazima. Cusco sitaieleza sana, imeelezwa na kila mtu. Nitasema tu mtembee mtaa wa Hatun Rumiyoc mkitazama chini na juu: chini ni mawe ya Inka yaliyoshikana bila saruji, juu ni nyumba ya Mhispania. Tetemeko la 1650 lilibomoa sana ya juu, ya chini yakabaki. Qorikancha ni habari hiyohiyo, kanisa la Santo Domingo likiwa limekalia hekalu la jua. Na mkiwa na siku ya ziada, laleni Ollantaytambo, mita 2,792, ambako mitaa ya Inka bado ina watu na maji bado yanapita kwenye mifereji yake.

Ndani ya kanisa kuu la Cusco kuna mchoro wa Marcos Zapata wa Karamu ya Mwisho, na sahanini mbele ya Yesu amelazwa cuy, miguu juu. Ni simbilisi. Wenzetu wa Njombe na Iringa wanaofuga simbilisi jikoni hawatashangaa. Asili ya mnyama huyo ni Andes, kama ilivyo ya viazi mviringo wanavyolima hukohuko Njombe. Muulizeni mwenyeji wa Colca awaonyeshe jiko lake, mtawakuta wakikimbia chini ya meko, na mtaulizwa kama kwenu wapo. Mtakuwa na jibu.

Mengine ya haraka. Viza waulizeni ubalozi wa Peru unaohudumia Tanzania kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu ndege zenyewe hupitia nchi ya tatu, ama Ulaya ama São Paulo kwa kupitia Addis Ababa, na kila mpito una masharti yake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, mchanjwe angalau siku kumi kabla. Brazil na Peru zote zimo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na mkirudi KIA mtaulizwa. Fedha taslimu chukueni Arequipa, noti ndogondogo, kwa kuwa korongoni kadi ni plastiki tu.

Na chai ya koka, majani ya mmea unaotoa kokeini. Mtapewa kila mahali, ni halali kule, ina ladha ya majani makavu na huwasaidia wengi kujisikia vizuri, ingawa haichukui nafasi ya kupanda taratibu. Kunyweni mkitaka. Ila kama mmoja wenu kazini kwake hupimwa dawa za kulevya, aache, kikombe kimoja tu kinatosha kuonekana kwenye mkojo. Kwake iagizwe chai ya muña, jani linalonukia kama mnanaa. Na siku ya kuondoka pekueni mifuko yote ya mabegi, hata ile midogo ya pembeni, msije mkatua na jani dogo la koka mlilopewa na bibi wa Malata kwa mapenzi.